Dola haijasogea sana ila mimi nimepigwa milioni kwenye machungwa: hivi shilingi yetu inapimwaje?

Fuso la Muheza (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Naomba wataalamu wa uchumi wanisaidie kwa lugha ya kawaida maana hii kitu inanisumbua toka muda na kila nikiuliza naambiwa "angalia dola".

Mimi napeleka machungwa Mombasa kupitia Horohoro, natoa Muheza, nashusha Kongowea, siku nyingine nasogea mpaka Nairobi. Fuso moja napakia kama machungwa elfu 35. Mteja wangu Mkenya ananipa shilingi 7 yao kwa tunda bei ya jumla, kwahiyo fuso zima ni laki mbili na arobaini na tano elfu za Kenya. Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa 2022 shilingi moja ya Kenya nilikuwa nachenji kwa 20 na kitu ya kwetu, hiyo hela ikifika Muheza ni kama milioni 4.9 na ushee. Januari 2024 nimeuza mzigo uleule, bei ileile ya 7, mteja yuleyule, nafika kwa vijana wa chenji naambiwa 15 na senti zake, nikadhani wananiibia nikazunguka kwa watatu wengine, wote jibu moja. Nimerudi na milioni 3.85. Milioni moja na zaidi imeyeyuka njiani na hakuna hata chungwa moja lililooza.

Ninachotaka kujua: kipindi chote hicho redioni nasikia shilingi ya Tanzania inashuka, dola imetoka 2,300 imefika 2,500. Kama shilingi yetu inashuka si nilitakiwa mimi muuzaji wa nje nifaidike? Mbona nimeumia? Nani kanidanganya hapa, redio au wale vijana?

kibubu_kimejaa

Hakuna aliyekudanganya mkuu, ni Wakenya ndo walikuwa wanazama. Sisi tulishuka ngazi wao walishuka ghorofa.

Mtumwa wa Chati

Simple sana, fuata DXY tu, kile kipimo cha nguvu ya dola ya Marekani. DXY ikipanda sarafu zote za Afrika zinakufa, ikishuka zinapumua. Mimi natredi kila siku najua. Hayo mengine ni porojo za darasani.

Dada Takwimu

Mtumwa wa Chati naomba nikukate kabla mwenzetu hajapotea zaidi 😂. Hiyo DXY unayoiabudu ni kapu la sarafu sita tu, limewekwa mwaka 1973 na mpaka leo uzito wake ni euro asilimia 57.6, yeni ya Japani 13.6, pauni ya Uingereza 11.9, dola ya Kanada 9.1, krona ya Sweden 4.2 na faranga ya Uswisi 3.6. Hakuna yuani ya China humo. Hakuna peso ya Mexico. Yaani Sweden ana sauti, China hana kabisa, kwenye kipimo cha dola ya Marekani ambayo wateja na wauzaji wake wakubwa ni haohao Mexico, China na Kanada. Ni kifaa cha watu wa kutredi. Benki kuu yao wenyewe wakitaka kujua dola imesimama wapi kibiashara wana fahirisi nyingine pana ya sarafu 26, na uzito wake unabadilishwa kadri biashara inavyobadilika. Sasa wewe unataka kumpimia mtu wa Muheza machungwa kwa krona ya Sweden?

Fuso la Muheza, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Umegusa kitu ambacho hata magazeti yanakikosea kila wiki. Hakuna "thamani ya shilingi" moja. Kuna shilingi kwa dola, shilingi kwa yuani, shilingi kwa rupia ya India, shilingi kwa randi, shilingi kwa shilingi ya Kenya, na kila moja inakwenda njia yake siku hiyohiyo. Sarafu inaweza kupigwa na mmoja huku inampiga mwingine. Ndio maana wanatengeneza kapu: unachukua nchi unazofanya nazo biashara, kila moja unaipa uzito kulingana na ukubwa wa biashara yenu, halafu unapima shilingi dhidi ya kapu zima.

Ngoja nichukue hesabu zako zilezile, kuanzia mwanzo wa 2022 mpaka mwisho wa 2023, kwa makadirio ya mkono:

dola ya Marekani (na dirhamu ya Emirates ambayo imefungwa nayo tangu 1997): 2,300 kwenda 2,510, imepanda kama asilimia 9 juu yetu
euro: imepanda kama 6
yuani ya China: ilikuwa kama 361, ikawa kama 353, imeSHUKA 2
rupia ya India: imeshuka 2 na kidogo
randi ya Afrika Kusini: imeshuka 5
shilingi ya Kenya: 20.3 kwenda 16, imeshuka 21

Umeona? Kwenye hizo sarafu, shilingi yetu ilipoteza kwa dola na euro tu. Kwa wengine wote ilikuwa inapanda na hakuna gazeti lililoandika.

Sasa tuweke uzito wa mfano tu, usije ukauchukua kama wa Benki Kuu: China 25, India 20, dola na dirhamu 20, Kenya 15, euro 10, Afrika Kusini 10. Ukizidisha kila badiliko kwa uzito wake ukajumlisha (kitaalamu unatumia logi, wastani wa kuzidisha na sio wa kujumlisha, ili sarafu ikipanda mara mbili kisha ikirudi nusu ujikute ulipoanzia) unapata kwamba kapu zima limeshuka karibu asilimia 3 mbele ya shilingi. Maana yake shilingi ya Tanzania IMEPANDA karibu 3. Redio inasema dola imepanda 9 juu yetu. Wote wawili wako sahihi, wanapima vitu tofauti.

Fuso la Muheza

Aisee. Kwahiyo mimi nilikuwa nabeba machungwa kwenye sarafu inayopanda bila kujua.

Ngosha wa Bandarini

Dada Takwimu samahani lakini Kenya asilimia 15 umeitoa wapi? Nafanya clearing, kutoa mizigo ya watu bandarini, naona makontena. Mzigo wa China pekee unameza kila kitu. Kenya haiwezi kufika huko hata kwa dawa. Umeweka 15 ili hesabu ikae unavyotaka.

Dada Takwimu

Umenikamata 😂 nilisema ni ya mfano. Haya, tukate Kenya iwe 5, hizo 10 tumpe China afike 35. Jibu linabadilika, shilingi inapanda nusu asilimia na kidogo tu badala ya karibu 3. Yaani kwa kugusa uzito mmoja tu kipimo kinakaribia sifuri. Na hapo ndo penye ugomvi wote wa hii taaluma, watu hawagombani kwenye fomula, fomula anaifanya mtoto wa sekondari. Wanagombana kwenye uzito.

Kwanza uzito wa mwaka gani. Ukitumia wa mwaka 2000 China inakuwa ndogo. Pili, uzito wa mauzo, manunuzi au vyote. Tatu, je unahesabu dhahabu?

Ngosha wa Bandarini

Dhahabu tena imeingiaje?

Dada Takwimu

Dhahabu ndo zao letu kubwa kuliko yote la kuuza nje, na mzigo mkubwa umekuwa ukienda Afrika Kusini, India, Emirates, Uswisi. Ukiingiza thamani yote hiyo kwenye uzito, randi inapata kilo nyingi kwenye kapu. Sasa niambie, randi ikishuka kesho, kuna mtu Johannesburg ataacha kununua dhahabu ya Geita kwa sababu imekuwa ghali? Hakuna. Dhahabu bei yake ni ya dunia kwa dola, inaenda kule kusafishwa tu. Ushindani wa sarafu hauihusu hata kidogo. Kwahiyo ukiacha dhahabu ndani unapima safari za ndege iliyobeba matofali ya dhahabu, hupimi kama korosho au mchele wetu unauzika. IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) kwenye mahesabu yao huwa wanatenganisha malighafi na bidhaa za viwandani, na kwa nchi za utalii wanaongeza utalii peke yake, kwa sababu hiyohiyo.

Kaka wa Songwe

Mimi niongeze la huku mpakani. Malawi mwaka 2022 mwezi wa tano walishusha kwacha, dola ikapanda kwao asilimia 25, wakarudia Novemba 2023 dola ikapanda tena 44. Kabla ya hapo kwacha moja ilikuwa karibu shilingi 2.8 ya kwetu, baada ya kukata ya pili ikawa shilingi moja na nusu. Watu wa Kasumulu waliokuwa wanauzia Wamalawi walikaa miezi hawaelewi. Ila hizo takwimu zenu za kapu haziwezi kuona hilo, kwanza Malawi uzito wake mdogo, pili nusu ya mzigo unavuka kwa baiskeli na mtumbwi wala hauandikwi popote. Afisa forodha anaandika lori, bodaboda yenye gunia mbili nani anaiandika?

Halafu kuna bei rasmi na bei ya mtaani. Kwacha rasmi wameishikilia 1,700 na kitu kwa dola, mtaani huipati hata kwa kupiga magoti. Sasa anayepima anatumia ipi?

mzalendo_wa_Manyovu

Hapo kwenye bei ya mtaani njoo Kigoma uone sinema. Faranga ya Burundi rasmi iko chini ya elfu 3 kwa dola, mtaani mara mbili na zaidi. Mtu wa ofisini akipima ushindani wetu na Burundi kwa bei ya benki yao ataona Warundi bidhaa zao ni ghali balaa. Mimi niko sokoni naona kinyume, mchuuzi wao anakuja na hela ya mtaani na anauza bei ya kutupa.

Babu wa Magendo

Wajukuu mmenikumbusha mbali. Hiyo ya bei mbili sisi ndio tuliosomea. Mwaka 1979 waziri wa fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu kwa sababu IMF walitaka shilingi ishushwe na Mwalimu hakutaka. Tukaenda hivyohivyo miaka. Dola ya serikali bei yake, dola ya uchochoroni bei nyingine kabisa. Mkulima wa kahawa analipwa kwa ile ya serikali, tena kwa kuchelewa, anaona ng'ambo ya mpaka jirani analipwa mara kadhaa. Unadhani alifanya nini? Kahawa ikavuka usiku. Ndiyo magendo hayo, na mnanionea jina langu mnacheka. 1983 Sokoine akaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa sabuni na sukari mtoni. Ila ugonjwa haukuwa sabuni, ugonjwa ulikuwa bei ya shilingi. 1984 ikafika 17, na 1986 Mzee Mwinyi alipokubaliana na IMF ikatoka 17 ikaenda 40 kwa mkupuo.

Ninachotaka kusema ni kwamba miaka ile dola haikusogea sana kwenye karatasi za serikali na bei za vitu ndani zilikuwa zinapaa kila mwaka. Hapo shilingi "imetulia" ila mkulima kanyongwa.

Dada Takwimu

Babu hapo umefundisha nusu ya pili ya somo kabla sijaifikia, asante sana. Kapu nililoeleza juu ni la jina tu, linapima sarafu kwa sarafu. Lakini ushindani ni bei ya kitu chenyewe. Kama shilingi imesimama palepale na bei za ndani zimepanda asilimia 30 kwa mwaka huku za wenzako zimepanda 5, umekuwa ghali bila sarafu kusogea hata senti. Kwahiyo unachukua lile kapu unazidisha na bei za kwetu unagawa kwa bei za washirika, kila mmoja kwa uzito wake. Hiyo ndo wanaita thamani halisi, na ndo kipimo cha ushindani. Miaka ya 80 ukiichora utaona mlima.

Turudi kwenye machungwa. Mwanzo wa 2022 mpaka mwisho wa 2023 shilingi yetu ilipanda kama asilimia 27 dhidi ya ya Kenya (ile kushuka 21 ukiigeuza upande wa pili ndo inakuwa 27, msishangae, ni hesabu ya kugawanya). Miaka hiyo miwili bei za ndani kwetu zilipanda kama 8 kwa jumla, Kenya kama 16. Maana yake Mkenya naye alikuwa anaona kila kitu kwake kimepanda, kwahiyo chungwa lako kupanda kidogo isingemshtua. Ukiweka hiyo, kupanda halisi ni kama 18. Yaani sehemu ya maumivu ungeweza kumrushia mteja kama ungepandisha bei. Wewe ulibaki na 7 ileile miaka miwili.

Fuso la Muheza

Dada usinichome. Nilijaribu 8 akaniambia nenda kauze kwingine, kuna machungwa ya Misri.

Chai_Murima 🇰🇪

Sasa hapo ndo mimi naingia, nimekuwa nasoma tu kimya. Mkulima wa chai hapa, upande wa Kirinyaga.

Hiyo ya Misri ni ukweli mtupu, supermarket za huku zimejaa machungwa ya Misri na ya Afrika Kusini. Na Misri wanaingiza bila ushuru juu ya COMESA, ule umoja wa biashara ambao sisi na wao tumo. Sasa angalieni pauni ya Misri: Machi 2022 ilikuwa 15.7 kwa dola, 2023 ikakaa 30.9, Machi 2024 wakaiachilia ikaenda karibu 50. Shilingi yetu tunalia imeenda 160 Januari 2024, lakini kwa pauni ya Misri sisi TULIPANDA. Mwanzo wa 2022 pauni moja ilikuwa shilingi 7 na kitu ya Kenya, kufika Aprili 2024 haifiki 3. Buda wa Muheza, wewe ulikuwa unashindana na mtu ambaye sarafu yake imekatwa mara tatu.

Na kwetu wa chai Misri ni mteja, si mshindani, so ilitupiga kutoka upande ule mwingine. Wateja wakubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan wa kwanza, halafu Misri na Uingereza hapo nyuma. Rupia ya Pakistan ilikuwa 177 hivi mwanzo wa 2022, mwisho wa 2023 iko 280. Yaani wateja wetu wawili wakubwa sarafu zao zilianguka kutushinda. Watu wa TV wanasema shilingi dhaifu ni nzuri kwa exporter, exporter gani? Mteja wangu Karachi hana dola za kufungulia mzigo, chai imelala ghalani.

Dada Takwimu

Chai_Murima umenipa mfano ambao nitauiba nikafundishie.

Wakuu someni tena hiyo ya Misri. Ukiangalia vitabu vya forodha vya Tanzania, Misri ni nchi ndogo tu kwetu, uzito wake kwenye kapu la kawaida ni kiduchu. Lakini chungwa la Muheza halishindani na chungwa la Muheza, linashindana na chungwa la Misri KWENYE SOKO LA NAIROBI. Kwahiyo kapu zuri linatakiwa limpe Misri uzito hata kama hatununui kwake kitu. Wanaita uzito wa soko la tatu, unapekua kila soko unalouza, nani mwingine anauza pale na kwa kiasi gani, unamuongeza. Fahirisi za BIS, ile benki ya benki kuu za dunia iliyoko Basel, wanafanya hivyo, wanaunganisha ushindani wa moja kwa moja na wa soko la tatu kwenye uzito mmoja. Kapu lao pana lina nchi 64, ila Tanzania na Kenya hazimo humo, na hata wangetuingiza wao wanatumia bidhaa za viwandani tu kupata uzito. Chungwa halihesabiki.

Kitu kingine, msimuonee Mmisri sana. Mfumuko wa bei kwao Septemba 2023 ulifika asilimia 38. Kwahiyo sarafu imekatwa mara tatu ila mbolea, vibarua na maboksi kwake navyo vimepanda. Faida halisi aliyopata ni ndogo kuliko sarafu inavyoonyesha. Lakini ipo, na mwanzoni huwa kubwa zaidi kwa sababu sarafu huanguka siku moja na bei hufuata kwa miezi.

Mtumwa wa Chati

Nakubali DXY haifai kwa machungwa. Ila nina swali la kiume sasa. Chai inauzwa mnada wa Mombasa kwa DOLA. Mpakistani analipa dola. Shilingi ya Kenya ikishuka, bei ya chai kwa Mpakistani haibadiliki hata senti. Kwahiyo hilo kapu lenu la rupia kwa shilingi linapima nini hapo? Si bora dola tu?

Dada Takwimu

Leo umekuja vizuri. Uko sahihi nusu. Biashara nyingi ya dunia bei zake zinaandikwa kwa dola hata pale ambapo Mmarekani hayumo, kwahiyo kwa muda mfupi anachoangalia Mpakistani ni rupia yake kwa dola, na sarafu ya muuzaji haimhusu. Shilingi ya Kenya ikishuka kinachobadilika mara moja ni mfuko wa mkulima, sio bei mnadani. Dola ileile anaigeuza shilingi nyingi zaidi, ndipo anaweza kuongeza mbolea, kupanda mashina, na huko mbele kiasi kinaongezeka. Kapu linapima uwezo wa muda mrefu, haliwezi kukuambia mnada wa wiki ijayo utakuwaje. Wanaolichukua kama utabiri wanalionea.

Chai_Murima 🇰🇪

Hiyo ya mfuko ni kweli kabisa na tuliiona. 2024 mwezi wa pili serikali ikapata hela za kununua ile Eurobond (deni la hati fungani la nje) ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ikaruka kutoka 160 ikaja 130 kwa wiki chache, ikafika 129 ikakwama hapo kama imepigwa msumari. Mjini watu wanashangilia. Bonasi ya chai ya 2025 iliposhuka, moja ya sababu tulizopewa ni shilingi kuimarika. Mzee wangu alikataa kuelewa, anasema "shilingi ina nguvu na mimi sina, hizi nguvu ziko wapi?"

kibubu_kimejaa

Huyo mzee apewe uprofesa 😂😂

Ngosha wa Bandarini

Chai_Murima hiyo ya kukwama 129 inanikumbusha kuna wakati IMF walisema shilingi yenu iko juu kuliko inavyostahili, ikawa kelele.

Chai_Murima 🇰🇪

Oktoba 2018. Walisema imezidi kwa asilimia 17.5, na wakaacha kuihesabu kama sarafu inayoelea, wakaiweka kwenye zile zinazoongozwa. Gavana wakati huo Patrick Njoroge akakataa wazi. Sisi wakulima tulikuwa tunashangilia IMF kimyakimya, mara ya kwanza na ya mwisho.

Dada Takwimu

Na hapo muelewe kitu kimoja watu wanachanganya sana. Fahirisi yenyewe HAIWEZI kukuambia sarafu imezidi au imepungua. Ukiona 108 maana yake ni kwamba imepanda 8 tangu mwaka walioupa 100, basi. Mwaka wa 100 sio mwaka wa haki, ni mwaka tu mtu kauchagua. Ningeanza mahesabu yangu Januari 2024 badala ya 2022, Fuso la Muheza angeonekana ameneemeka maana kufika Aprili Kenya ilikuwa imerudi karibu 20. Ili useme "imezidi 17.5" lazima uwe na modeli ya nini kilistahili: nakisi ya biashara inayobebeka, tija, madeni, bei za mazao. Hapo ndo wachumi wawili wanapata majibu matatu. Angalieni pia upande wa mshale, kuna fahirisi zikipanda maana yake sarafu imepata nguvu, na nyingine wameandika kinyume, usome maelezo kwanza kabla hujaja humu na chati.

Mwishoni mwa 2024 shilingi yetu ilitoka 2,700 na kitu Oktoba ikaja 2,400 hivi Desemba. Humu kulikuwa na nyuzi kama tatu za pongezi. Mwenye kuagiza vipuri alikuwa na haki ya kufurahi. Mwenye korosho hakualikwa kwenye hizo nyuzi.

Kaka wa Songwe

Dada kwani ushindani ni bei ya sarafu tu? Mimi lori langu likikaa siku nne mpakani nyanya zimeiva ndani, hapo hata kwacha iwe bei gani.

Dada Takwimu

Sio tu, na fahirisi inapima bei peke yake. Siku nne za foleni haimo. Cheti cha afya ya mimea kukataliwa haimo. Mzani haimo. Ila foleni ikipungua siku mbili ni sawa na kushusha sarafu kwa bidhaa inayooza, bila kumuumiza anayenunua dizeli. Kwanini hilo halipigiwi kelele mimi sijui, labda kwa sababu halina chati.

Fuso la Muheza

Nimesoma yote, nyingine nimesoma mara mbili usiku na mke wangu akauliza naongea na nani. Nimechukua daftari nikajaribu kapu la fuso langu mwenyewe, nchi niachane nayo. Mauzo yangu yote ni shilingi ya Kenya. Gharama zangu: machungwa na vibarua vya kuchuma ni shilingi ya kwetu, dizeli na tairi zinaendeshwa na dola, gari likiharibika kule nalipa ya Kenya. Mshindani wangu ni Misri na msimu mwingine Afrika Kusini. Sasa nilichokiona, kile kipindi nilichopigwa vyote vilinijia upande mmoja: mauzo yameshuka 21, dizeli imepanda na dola 9, Mmisri kakatwa. Nilikuwa napigwa na sarafu tatu kwa wakati mmoja nikawa nawalaumu wale vijana wa chenji.

Swali la mwisho. Huyu mteja wangu nimwambie tuandikiane kwa shilingi ya Tanzania? Yaani nimwambie chungwa ni 140 ya kwetu, chenji ahangaike nayo yeye.

Ngosha wa Bandarini

Atakukubalia siku ambayo shilingi yake iko juu tu.

Chai_Murima 🇰🇪

Mimi ningekuwa mteja ningekataa. Lakini mkubaliane kitu cha katikati, bei iwe 7 chenji ikiwa kati ya 18 na 21, ikitoka nje ya hapo mnapigiana simu mnagawana hasara nusu kwa nusu. Marikiti nimeona watu wa vitunguu wanafanya hivyo kwa mdomo tu, hakuna karatasi.

Babu wa Magendo

Na uandike karatasi. Mdomo wa mpakani naujua mimi.

Fuso la Muheza

Sawa Babu. Nimempigia saa hizi, amesema 18 ni juu sana anataka ianzie 17. Tunaendelea kuvutana, kesho asubuhi napakia.